Kutoka barza hadi studio: mahali pa kujifunzia habari katika Maniema

Kijana wa Kasongo au wa Kabambare anayemaliza sekondari na kupata diploma ya serikali, kama moyo wake uko kwenye kazi ya habari, mara nyingi anafunga mzigo. Mwenye jamaa Kindu anakwenda Kindu, zaidi ya kilomita 200 kwa njia ambayo wenye pikipiki wanaijua vizuri wakati wa mvua. Mwenye uwezo zaidi anafika Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. Wengine hawaendi popote. Wanaingia katika studio ya redio ya jamii, wanakaa pembeni, wanatazama mkubwa anavyofungua na kufunga maikro, na siku moja mkubwa anachelewa kufika na mgeni anaambiwa asome matangazo. Masomo yao yameanza hapo.

Linapozuka wazo la kufundisha habari na mawasiliano katika vyuo vya juu vya kwetu, watu huuliza kwanza kuhusu walimu, halafu kuhusu pesa. Nyumba yenyewe huja mwisho: itafutwe oditwari moja, yawekwe madawati, jina la depatema liandikwe mlangoni, basi. Lakini kazi hii haifundishiki katika chumba cha namna hiyo peke yake. Mwanafunzi wa sheria anaweza kujifunza mengi akiwa ameketi na kalamu. Wa redio lazima aseme, asikilizwe, akosolewe, arudie. Atoke nje kukutana na watu, arudi na sauti zao, azikate na kuzipanga. Abishane na wenzake juu ya lipi litangulie. Kila moja ya kazi hizo inataka nafasi yake, na si rahisi kwa chuo cha Maniema kupata pesa ya kujenga nafasi tano. Ndiyo maana swali la chumba kinachogeuka, asubuhi darasa, mchana chumba cha habari, jioni mahali pa mkutano, ni swali la watu maskini kuliko la matajiri. Huko Ulaya na Marekani wanalizungumza kama jambo jipya. Kwa Kasongo si jipya hata kidogo.

Kabla ya utawala wa Wabelgiji, Kasongo na Nyangwe ilikuwa miji mikubwa ya waungwana katika bara hili. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika hapa. Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871. Stanley alikutana na Tippu Tip huku Maniema mwaka 1876. Miji ile ilinenepa kwa pembe za ndovu na kwa watu waliouzwa, na wazee wa pande za Kabambare hawajasahau ni mababu wa nani waliofungwa minyororo. Lakini pamoja na shehena, kila msafara ulileta habari: barua, bei za pwani, vifo, vita vya nani na nani. Na habari hizo zilipokelewa mahali pamoja, kwenye barza.

Barza haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kasongo. Ni ile sehemu ya mbele ya nyumba yenye paa lakini isiyo na mlango, ambapo mpita njia anaweza kusimama bila kualikwa na mwenye nyumba anaweza kumsikiliza bila kumwingiza ndani. Neno hili limesafiri mbali: hata karani wa Kinshasa asiyejua Kiswahili, akizungumza Kifaransa chake, anaita sehemu hiyo barza. Katika miji ya waungwana barza ilikuwa duka, mahakama, mahali pa kahawa na mahali pa kusoma barua kwa sauti kwa ajili ya wale wasiojua kusoma. Ilikuwa pia shule. Neno “chuo” tunalolitumia leo kwa chuo kikuu lilikuwa neno la kitabu na la mahali ambapo watoto walifundishwa Kurani. Watoto walikaa juu ya mkeka na mbao zao, wakisoma kwa sauti wote pamoja. Likija shauri, mkeka ulikunjwa na watoto wakahamia kivulini. Shauri likiisha, mkeka ukarudi. Hakuna fundi aliyeitwa kuvunja ukuta.

Nyuma ya barza palikuwa na kitu kingine, na hapo ndipo watu wengi wanaosifu nafasi za wazi husahau kutazama. Ndani ya nyumba palikuwa na chumba ambacho hakikugeuka. Humo mlikuwa na kasha la barua, hati za madeni na vitabu. Mgeni wa barza hakuingia humo. Tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 1893 jeshi la Dola Huru la Kongo chini ya Francis Dhanis liliuteka mji wa Kasongo, na kati ya vitu vilivyokutwa humo zilikuwa daftari za Emin Pasha, yule mtawala na msafiri aliyeuawa mwaka uliotangulia. Mwenyewe alikuwa maiti na vita vilikuwa vimepita juu ya kila kitu, lakini karatasi zake zilikuwa zinasomeka. Baadaye wakubwa wa kizungu waliuhamisha mji kuupeleka Piani Lusangi, mahali Kasongo ilipo leo, na mji wa zamani ukabaki na jina la Tongoni. Tongo ni mahame, kijiji kilichoachwa.

Waungwana hawakuwa peke yao katika maarifa haya. Wabembe, majirani wa Kabambare upande wa Fizi, wana lubunga, nyumba ya wanaume iliyo wazi pembeni, ambamo watu hula, huamua kesi na huwafundisha vijana ukoo na desturi. Mtoto aliyekulia karibu na lubunga alijifunza kuzungumza mbele ya watu kabla ya kujua kuandika jina lake: alijua lini anyamaze, nani aanze, namna ya kumkatiza mkubwa bila kumvunjia heshima. Somo hilo leo chuo kikuu hulipa jina refu na kulitoza minervali.

Shule iliyokuja na misheni na serikali ya kikoloni ilikuwa na umbo jingine kabisa. Madawati kwa mstari, nyuso zote upande mmoja, mwalimu juu ya jukwaa dogo. Umbo hilo lina faida yake, maana mwalimu mmoja anaweza kuwaona watoto sitini. Lakini linafundisha jambo moja ambalo halikuandikwa katika programu: kwamba habari inatoka mbele na kwenda nyuma. Redio ya wakati ule ilisema kwa namna hiyo hiyo. Radio Congo Belge ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1940, wakati wa vita, na Mkongo alihesabiwa katika wasikilizaji zamani kabla ya kuhesabiwa katika wasemaji. Katika mitaa ya weusi ya miji mikubwa viliwekwa vipaza sauti hadharani, na watu walisimama chini yake.

Hata hivyo kuna jambo la kuchekesha katika historia hiyo. Kabla ya redio ya serikali, redio moja ya mwanzo kabisa ya Kongo, Radio Léo, ilianzishwa mwaka 1937 na mapadri Wajesuiti ndani ya shule yao, Collège Albert. Huko Elisabethville Wasalesiani nao walikuwa na redio ya koleji yao. Yaani katika nchi hii shule ilitangulia kuwa studio kabla ya studio kufikiriwa kuwa shule. Zilikuwa shule za watoto wa wazungu, hilo lisemwe wazi, na somo lao halikutufikia sisi.

Mkongo aliyetaka kuandika alijitafutia nafasi. Mfano unaojulikana zaidi ulipita hapa Maniema. Patrice Lumumba, mzaliwa wa Onalua mwaka 1925, alifanya kazi akiwa kijana Kalima katika kampuni ya madini ya Symétain, kabla ya kwenda Stanleyville kuwa karani wa posta. Hakusomea uandishi mahali popote. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilifunguliwa mwaka 1954 naye tayari alikuwa mtu mzima mwenye kazi. Alijifunza maktabani Stanleyville, ambako alisaidia kazi kwa kujitolea, na katika vyumba vya mikutano vya vyama vya waliosoma, na usiku nyumbani kwake. Makala zake zilichapwa katika magazeti kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo, na akaongoza gazeti la chama cha wafanyakazi wa posta. Vyumba vyote hivyo vilikuwa vya kuazima. Maktaba ilikuwa darasa kwa sababu alikuwamo yeye.

Serikali ya Zaire ilitaka kumaliza mambo ya kuazima. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA. Mwaka 1973 ikaanzishwa ISTI, shule ya juu ya sayansi na ufundi wa habari, Kinshasa. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa IFASIC mwaka 1997, na leo ni chuo kikuu kinachoitwa UNISIC. Waandishi wengi ambao wasikilizaji wa Kasongo wanazijua sauti zao walipita pale. Na mwaka 1976 Mobutu akafungua Cité ya Sauti ya Zaire, mnara mkubwa uliojengwa kwa msaada wa Ufaransa, wenye studio za redio na televisheni ambazo wakati ule nchi chache za Afrika zilikuwa nazo.

Vitu hivi viwili vinafaa kutazamwa kwa pamoja. Mnara ule ulikuwa mgumu mwanzo hadi mwisho. Kila chumba kilikuwa na kazi moja, kila kazi na mashine yake, kila mashine na hewa yake ya baridi, na vipuri vilitoka ng'ambo. Pesa ya nchi ilipoanguka, chumba kilichoharibika hakikuweza kufanya kazi nyingine, kilifungwa tu. Nyumba iliyojengwa ili iseme na nchi nzima ikazeeka kabla ya wakati wake. Shule nayo ilikuwa na kasoro ya upande wa pili: wanafunzi wengi, oditwari, mwalimu na ubao, na vyombo vichache mno. Kazi ya mikono walikwenda kuitafuta kwenye staji, katika magazeti na redio za watu. Mji mmoja, kwa hiyo, ulikuwa na studio nyingi zisizo na wanafunzi na wanafunzi wengi wasio na studio. Mtu akiuliza nani alichora mipango hiyo, jibu ni kwamba walikuwa wawili na hawakukutana.

Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 1996 ikatoka sheria ya uhuru wa vyombo vya habari. Miezi michache baadaye vita vikaanza mashariki. Kwa hiyo redio za jamii za Kivu na Maniema zilizaliwa zikikimbia. Radio Maendeleo ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilifungwa mwaka 1999 na waasi wa RCD, wale wale waliotawala pia Kasongo. Redio nyingi zilianzia katika chumba kilichokuwa cha kitu kingine: ofisi ya shirika, nyumba ya parokia, duka lisilo na bidhaa. Magodoro yalipigiliwa ukutani, vikwembe vikatundikwa juu ya dirisha, betri ya gari ikawekwa chini ya meza. Sauti ya Mkaaji ya Kasongo ni ya ukoo huo wa redio, hata kwa jina lake: mkaaji, mwenye kukaa, si mkubwa.

Wakati huo huo kulikuwa na shule nyingine ya habari ambayo hakuna aliyeiita shule. Mwezi wa 8 mwaka 1994 ilianza Radio Agatashya, Bukavu, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji waliowapokea. Jina lake ni la ndege mbayuwayu. Ilinyamazishwa na vita vya 1996. Ng'ambo ya mpaka, Ngara nchini Tanzania, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mwaka 1995. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu mkoa wa Kigoma, na familia nyingi za Fizi, Uvira na hata za pande zetu ziliishi humo miaka na miaka. Watoto waliozaliwa Nyarugusu leo wana watoto wao. Tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002 Radio Okapi ikaanza kusikika nchini, na nchi iliyokuwa imekatwa vipande ikasikia tena taarifa moja.

Katika redio za namna hiyo mtu aliyekimbia hakuwa msikilizaji tu. Alikuja na jina la mtoto aliyepotea, na jina lilihitaji kuandikwa sawasawa, jina la baba, la kijiji, la chifu, kwa sababu kosa la herufi moja lilimfanya mtoto asipatikane. Hiyo ni kazi ya uhariri ya kiwango cha juu kuliko mtihani wowote. Ilifanyika chini ya turubai, juu ya magoti, kwenye barza ya ofisi. Na hapo ndipo ukosefu wa chumba kigumu ulipouma. Kaseti nyingi za miaka ile katika mashariki zimefutwa kwa kurekodiwa juu yake, au zimeliwa na unyevu. Sauti za mama waliosimulia walichokiona zilisikika siku moja zikaisha. Emin Pasha, mgeni, alikuwa na kasha.

Njia ile ya misafara inafaa kufuatwa tena hadi mwisho wake, maana Tanzania walipita mahali ambapo sisi tunataka kupita. Mwaka 1975 ilianzishwa Dar es Salaam shule ya uandishi wa habari ya serikali, TSJ. Mwaka 2003 iliingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chuo hicho kina redio na televisheni zinazoitwa Mlimani, ambazo hutangazia watu wa kawaida na ndizo wanafunzi wanazojifunzia. Maana yake si ndogo. Mwanafunzi akikosea habari ya bei ya unga, mtu wa Manzese atapiga simu. Hakuna mwalimu anayeweza kusahihisha kwa nguvu ya simu hiyo. Darasa na kituo cha redio vikiwa kitu kimoja, pesa ya vyombo hutumika mara mbili, na kituo hakifungwi wakati wa likizo.

Kuhusu jengo lenyewe, mfano mzuri kuliko yote hautoki Afrika, unatoka Marekani, katika chuo cha ufundi cha MIT karibu na Boston. Mwaka 1943, wakati wa vita, walijenga haraka nyumba ya mbao kwa ajili ya utafiti wa rada. Iliitwa Jengo la 20, kwa namba tu, maana ilikusudiwa kubomolewa vita vikiisha. Ilibomolewa mwaka 1998. Katika miaka 55 hiyo ilipendwa kuliko majengo ya mawe ya chuo kile, kwa sababu moja: hakuna aliyeogopa kuiharibu. Mtafiti akitaka waya upite ukutani alitoboa ukuta. Akitaka chumba kikubwa aliangusha kizuizi. Wahandisi wa sauti, wanafizikia na wanaisimu walipangishwa jirani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, wakaanza kuzungumza kwenye ukumbi wa kupitia. Noam Chomsky alifanya kazi humo. Nyumba mbaya, baridi wakati wa baridi na joto wakati wa joto, ilizaa elimu ya mawasiliano kuliko minara.

Lakini mtu asiichukue hadithi hiyo nzima na kuileta Kasongo. Jengo la 20 lilikuwa na umeme usiokatika na askari mlangoni. Hapa kwetu chumba kinachogeuka kuwa kila kitu mwishowe hugeuka kuwa stoo, au makao ya askari. Shule za Kabambare zinalijua hilo vizuri. Watu walipokimbia mapigano ya Salamabila na vijiji vya jirani, walipokelewa na familia, makanisa na shule, kama inavyofanyika kila mara katika nchi hii. Ni haki wapokelewe. Anayechora mpango wa jengo la masomo kusini mwa Maniema bila kufikiri usiku huo utakuwaje anachora kwa ajili ya nchi nyingine.

Mpango unaotoka katika historia hii ni rahisi kuuona. Chumba kimoja kigumu, na vilivyobaki vyote vilaini. Kigumu ni kidogo, mita 3 kwa 4 zinatosha, katikati ya jengo na si upande wa barabara. Kuta zake ni nene, za matofali ya kuchoma au ya udongo uliopondwa vizuri, kwa sababu kinachozuia kelele ya nje ni uzito. Trei za mayai zinazopigiliwa katika studio nyingi hupunguza mwangwi kidogo tu wala hazizuii pikipiki. Mwangwi wa ndani huuawa kwa vitambaa: vikwembe vizito, mkeka mnene, rafu zilizojaa. Ukuta mmoja ukijengwa upande kidogo, usitazamane sawasawa na mwenzake, sauti haitarukaruka kati ya hizo mbili. Milango ni miwili yenye nafasi katikati. Juu panatakiwa dari nzito, kwani mvua ya Maniema ikipiga bati hakuna taarifa itakayosikika. Wazee wa nyumba za majani hawakuwa na taabu hiyo. Hewa ipitie njia yenye kona mbili, iliyotandikwa kitambaa, ili ilete upepo bila kuleta jogoo. Humo zikae maikro, kompyuta, betri za paneli za jua, na kabati lenye kufuli la sauti zilizorekodiwa, kila moja na tarehe, mahali na lugha, na nakala nyingine ihifadhiwe nje ya mji. Ufunguo uwe na watu wawili.

Nje ya hapo kila kitu kitembee. Meza nyepesi ambazo wasichana wawili wanaweza kuzibeba, benchi zisizopigiliwa, vizuizi vya mianzi na turubai, ubao wa kusimamisha. Asubuhi madawati kwa mstari kwa somo la sheria za vyombo vya habari, mstari una kazi yake. Saa nne meza moja ndefu, wanafunzi wanazunguka, wanabishana kuhusu taarifa ya saa sita. Mchana watu watatu watatu, simu mkononi, wanakata sauti. Simu ndiyo iliyorahisisha yote haya: chombo cha kurekodi kilichokuwa mzigo wa mtu mmoja sasa kiko mfukoni mwa kila mwanafunzi, kwa hiyo pesa isiende kwenye mashine nyingi, iende kwenye ukimya wa kile chumba kimoja na kwenye umeme. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeingiza mfumo wa LMD katika vyuo, na mfumo huo unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi na mazoezi pamoja na saa za kumsikiliza profesa. Chuo kisicho na mahali pa mazoezi kitaandika pointi hizo kwenye karatasi tu, na wanafunzi watalijua hilo kabla ya wakaguzi.

Usiku watu wakifika kutoka Salamabila, meza zinasukumwa ukutani na mikeka inatandikwa. Chumba kigumu kinafungwa, na kinaendelea kufanya kazi. Hapo faida yake inaonekana: familia zinapata paa na redio haizimwi wakati ule ule watu wanapoihitaji kujua njia ipi imefungwa na nani anatafutwa. Wapo watakaosema studio haifai kukaa karibu na watoto wanaolia. Ni kweli, na ndiyo sababu ya milango miwili.

Linabaki jambo moja ambalo fundi anaweza kulipuuza. Mlango wa nje wa chumba hicho usielekee ofisi ya mkuu wa depatema wala ukumbi ambamo mlinzi anauliza karata. Uelekee barza, yenye benchi, kivuli na dirisha dogo lenye maikro ndani yake, ili mama aliyefika jana na hana karatasi hata moja aweze kukaa, kunywa maji, na kutaja jina la mtoto wake, la baba yake, la kijiji na la chifu, taratibu, mpaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliandike bila kosa.